Mashine ya tansio niliyonunua kwa dola 38, na mimba yangu ya pili

Mashine hii ya kupimia presha, ambayo hapa Lubumbashi wote tunaiita ya tansio, niliinunua katika duka moja la dawa mjini. Muuzaji alianza na dola 50, tukapatana 38. Mimba yangu ilikuwa na wiki 12. Tangu siku hiyo nimeitumia wiki 30, asubuhi kabla ya chai na jioni kabla ya bukari, yaani ugali, na namba zote zimo kwenye daftari ambalo zamani nilikuwa naandikia vipimo vya wateja. Mimi ni mshonaji, nakaa mtaa wa Katuba.

Jina lililobandikwa juu yake siliandiki. Nimeiona mashine ileile, umbo lilelile na vitufe vilevile, kwenye maduka matatu, kila duka na jina lake. Itambueni kwa sura: nyeupe, ya kuweka mezani, skrini ya namba kubwa, mkanda wa kufunga juu ya kiwiko, betri nne za AA. Zipo pia ndogo za kuvaa kwenye kifundo cha mkono kama saa. Hizo ziacheni. Niliazima moja kabla ya kununua yangu, na namba zilikuwa zikipanda na kushuka kila nilipoinua au kushusha mkono kidogo.

Muuzaji aliniambia, "Mama, hii unabonyeza tu." Hapo ndipo nataka kuanzia, kwa sababu si kubonyeza tu, na aliyeambiwa hivyo anaweza kupotea kwa namba nzuri.

Mimba yangu ya kwanza, mwaka 2021, iliishia wiki ya 31. Nilikuwa nimevimba uso, si miguu peke yake. Pete ya ndoa haikutoka hata kwa sabuni. Kichwa kiliniuma siku tatu, na macho yakawa yanaona vimulimuli mchana. Pale nilipokuwa nahudhuria CPN, yaani kliniki ya wajawazito, chombo cha tansio kilikuwa kimeharibika, na kwenye karatasi yangu waliandika namba ileile ya safari iliyotangulia. Hilo nililigundua baadaye, nilipoanza kuelewa maana ya zile namba. Wakati ule niliambiwa ni uchovu, nilale ubavu wa kushoto. Usiku wa siku ya tatu nikashikwa na kifafa cha mimba. Sikumbuki kitu mpaka kesho yake jioni. Mtoto wetu wa kiume hakulia. Mama mkwe ndiye aliyemwosha.

Baada ya msiba nilisikia mengi. Kuna waliosema ni jicho la mtu, kuna waliosema nimekaa mno kwenye cherehani. Yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, ni mkunga wa miaka mingi. Alikuja akaketi nami kwenye mkeka, akaniambia, "Mdogo wangu, si cherehani. Ni kondo."

Akaniuliza, sketi yenye lastiki kiunoni, mteja akipata mimba unaifanyaje? Nikamjibu, naing'oa lastiki, naacha kiuno kilegee. Akasema kondo la nyuma nalo hufanya hivyohivyo. Mimba ikishajishika, seli za kondo hupenya ukuta wa mji wa mimba mpaka kwenye mishipa midogo ya damu ya mama, iliyojikunja kama skurubu. Zinaingia katika kuta za mishipa hiyo na kuziondolea misuli na nyuzi zinazovutika. Mshipa mwembamba unakuwa mpana, umelegea, hauwezi tena kujibana. Mwisho wa mimba damu inayopita hapo ni nusu lita na zaidi kila dakika, na inapita polepole, bila kuligonga kondo kwa nguvu. Kwa baadhi yetu seli hizo hazifiki mbali vya kutosha. Lastiki inabaki. Damu inaingia kwa kasi na kwa kukatikakatika, kondo linaumia, nalo linamwaga kwenye damu ya mama protini zinazoharibu mishipa yake ya figo, ya ini, ya ubongo. Ugonjwa huo ndio prieklampsia. Tansio inayopanda ni moshi; moto unawaka kwenye kondo, na hauzimiki mpaka kondo litoke.

Nililia siku hiyo, lakini kilio tofauti na vya kabla. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na mahali pa kuweka kidole.

Tangu hapo nimesoma kila nilichokipata, kwenye simu, usiku, shemeji akinitafsiria penye Kiingereza. Mishipa hiyo isiyofunguka ilielezwa miaka ya 1960 na 1970 na Mbelgiji Ivo Brosens pamoja na wenzake Robertson na Dixon. Mwaka 2003 kundi la Ananth Karumanchi huko Boston likaonyesha protini moja ya kondo, sFlt-1, inayonasa vile vinavyolisha mishipa ya mama na kuiacha ikiwa na njaa. Lakini walionigusa zaidi ni Annettee Nakimuli wa Makerere na Ashley Moffett wa Cambridge. Wao na wenzao walichunguza akina mama wa Uganda, na mwaka 2015 wakatoa matokeo: kuna jeni za seli za kinga, zile zinazokutana na seli za kondo ndani ya mji wa mimba, ambazo baadhi ya Waafrika wanazo na Wazungu hawana, na mama aliyezirithi analindwa kiasi dhidi ya ugonjwa huu. Wengine hawakuzirithi, na huenda mimi ni mmoja wao. Miaka miwili nilidhani mwili wangu ulimkataa mwanangu. Kumbe mambo hayo huanza kupangwa na wawili wasiojuana, ukuta wa mama na seli za kondo, katika wiki za mwanzo ambazo wengi hatujajua hata kama tuna mimba.

Turudi kwenye mashine.

Kosa la kwanza ni mkanda. Uliomo ndani ya boksi umeandikwa sentimita 22 hadi 32. Nilichukua futi yangu ya kushonea, nikapima mkono katikati ya bega na kiwiko: sentimita 34. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ya kweli. Siku mbili za kwanza namba ya juu ilikuwa 144, kisha 147, nikaogopa, na mtu akiogopa namba hupanda zaidi. Yaya aliponiona akanikataza kupima mpaka nipate mkanda mkubwa. Niliupata duka lingine, wa sentimita 32 hadi 42, kwa dola 12. Namba zikashuka hadi 124, 121, 118. Kwa hiyo mashine hii imenigharimu dola 50, na muuzaji hakuniuliza hata mara moja mkono wangu una ukubwa gani. Akina mama wengi wa hapa mikono yetu si ya sentimita 30. Pimeni kwanza, ndipo mtoe pesa.

La pili ni namna ya kukaa. Asubuhi nilikuwa naamka, naenda haja ndogo, kisha nakaa kwenye kiti chenye mgongo karibu na dirisha. Miguu yote miwili sakafuni, haijapishana. Mkono wa kushoto juu ya meza ya cherehani, nimewekea mto mdogo chini yake ili mkanda uwe sawasawa na moyo. Mkono mtupu, si juu ya nguo. Dakika tano kimya. Bwana yangu alizoea kutoniongelesha. Alikuwa anaweka maji ya chai kwenye mbabula, jiko letu la makaa, na kutoka nje taratibu. Ndipo nabonyeza. Mkanda unavimba, unabana mpaka vidole vinawasha, unaanza kulegea, nasikia mlio mdogo, namba zinatokea. Dakika moja, narudia. Zote mbili naandika. Siku moja nilipima nikiwa nimetoka kubeba ndoo ya maji: 139. Nikakaa dakika tano, nikapima tena: 119. Mashine haikukosea. Ni mimi sikuwa nimetulia.

Betri za bei ndogo za sokoni zilinidumia siku tisa. Za bei ya juu zilikwenda zaidi ya mwezi. Zikikaribia kuisha mashine haionyi. Mkanda unavimba nusu, unaachia, na skrini inaandika herufi mbili za kosa. Kwa jambo la maana kama hili naliona ni kasoro kubwa. Kuhifadhi namba inahifadhi, ila haitenganishi watu: bwana yangu alijipima mara tatu na namba zake zikachanganyika na zangu. Ndiyo maana nasisitiza daftari. Kizuri chake ni kwamba umeme ukikatika haina habari, na namba ni kubwa kiasi kwamba mama mkwe anazisoma bila miwani.

Sasa sehemu ambayo kila mjamzito anayetaka kununua aisome mara mbili. Mashine nyingi za namna hii hazikujaribiwa kwa wajawazito, na hasa kwa wenye prieklampsia. Mishipa ya mwenye ugonjwa huu inabadilika, na baadhi ya mashine zinasoma chini ya ukweli, yaani zinakutuliza wakati unaohitaji kukimbia. Yaya yangu anayo nyingine, aliletewa kutoka Ndola, Zambia, inaitwa Microlife CRADLE VSA. Ilitengenezwa na watafiti wa King's College London pamoja na kampuni ya Microlife, ikajaribiwa kwa wajawazito na kwa wenye prieklampsia wenyewe. Unaijaza upepo kwa kuminya mpira, inachajiwa kwa waya kama simu, na ina taa: kijani, njano, nyekundu. Njano inawaka tansio ikifika 140 kwa 90, nyekundu ikifika 160 kwa 110. Taa zinaonya pia kwa anayepoteza damu, tansio ikishuka na moyo ukienda mbio. Iliwahi kufanyiwa utafiti mkubwa katika sehemu 10, na Ndola na Lusaka zilikuwa miongoni mwake. Ukiweza kuipata hiyo, usihangaike na yangu.

Mimi sikuipata ya kununua, basi nikafanya hivi: kila Jumamosi yaya alipokuja, tulipima kwa zote mbili, yake kwanza, yangu baadaye, mkono uleule. Miezi ya mwanzo yangu ilikuwa chini ya yake kwa 4 au 5 hivi. Nikaliandika hilo kwenye jalada la daftari kwa kalamu nyekundu.

Si mashine peke yake, nilikuwa pia na dawa. Munganga, yaani daktari wa hospitali, aliniandikia aspirini kidogo ya kila usiku tangu wiki ya 12, kwa sababu ya yaliyonipata. Utafiti wa ASPRE wa mwaka 2017 uliwapa akina mama walio hatarini miligramu 150 kila usiku, kuanzia wiki ya 11 hadi 14 na kuendelea mpaka ya 36, na prieklampsia ya kabla ya wiki 37 ikapungua kwa asilimia 62. Si dawa ya kujinunulia mwenyewe dukani. Uliza, na uliza mapema, maana kazi ya kuingia kwenye mishipa haisubiri. Shirika la Afya Duniani linashauri pia kalsiamu kwa wanaokula chakula chenye kalsiamu kidogo. Nilipewa vidonge, na mama mkwe akaniongezea ndakala, wale samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao, karibu kila siku na bukari.

Bwana yangu naye alikuwa na swali lake, analiogopa. Anafanya kazi kwenye shaba na kobalti, anarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Alitaka kujua kama ni yeye aliyeliharibu kondo. Hapa kwetu watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walipima metali kwenye mkojo na damu ya akina mama, kwenye damu ya kitovu, kwenye kondo lenyewe, hata kwenye vumbi la nyumbani. Matokeo yalitoka mwaka 2020: watoto waliozaliwa na kasoro za mwili zinazoonekana walihusiana na baba kufanya kazi za madini. Ni kasoro za kuzaliwa nazo, si prieklampsia, na yaya alimweleza tofauti hiyo polepole, mara mbili, mpaka mabega yake yakashuka. Hata hivyo tangu wiki hiyo ananawa na kubadilisha nguo nje, na nguo za kazi hazichanganywi na zangu kwenye beseni.

Wiki ya 34, Jumanne, asubuhi: 131 kwa 84. Jioni: 134 kwa 86. Jumatano asubuhi: 138 kwa 88. Karatasi iliyokuja na mashine ingeniambia niko salama, kwa kuwa iko chini ya 140. Sikuwa na maumivu ya kichwa, macho yalikuwa mazuri, nilikuwa nimeshona asubuhi yote gauni la sare ya harusi. Lakini daftari lilikuwa wazi mbele yangu. Wiki mbili nyuma palikuwa na 116, 118, 117, 118, na sasa ngazi hiyo. Na kwenye jalada, kwa nyekundu, kwamba yangu inasoma chini. Nikampigia yaya. Hakuuliza swali, alisema, "Kaa, nakuja."

Yake ilisoma 148 kwa 96. Taa ya njano. Baada ya dakika tano, 147 kwa 95, njano tena. Tofauti imekuwa 10, si 5. Akachovya kijiti kwenye mkojo wangu, tukakitazama wote wawili dirishani kikigeuka kutoka manjano kwenda kijani: protini, alama mbili. Saa nane mchana nilikuwa kitandani hospitalini, nikiwa na mkoba ambao ulikuwa umefungwa tangu wiki ya 28.

Nililala pale wiki mbili. Mashine nilikuwa nayo. Wauguzi walipima kwa chao, mimi kwa yangu, hakuna aliyenikatalia. Wiki ya 36 tansio ikavuka 160 kwa 110, wakaamua kuanzisha uchungu. Wakanipa magnesiamu salfeti, dawa ambayo utafiti wa Magpie wa mwaka 2002, uliochukua wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha inapunguza kifafa cha mimba kwa nusu. Ikiingia, joto linakupanda kutoka kifuani hadi usoni kana kwamba umeinamia mbabula. Muuguzi aliniambia kabla, kwa hiyo sikuogopa. Binti yetu alizaliwa saa kumi alfajiri, gramu 2,150, na alilia kabla hajafutwa.

Nilimwomba mkunga wa zamu anionyeshe kondo. Alishangaa kidogo, halafu akalileta kwenye sinia, akawasha taa ya pembeni. Upande wa mtoto unang'aa, mishipa imetawanyika kutoka kwenye kitovu kama mizizi ya mti uliong'olewa. Akaligeuza. Upande wangu ulikuwa mwekundu mzito kama ini, umegawanyika vipande. Mahali pawili, kando, palikuwa peupe na pagumu. Aliponigusisha kidole kwa glavu nilihisi kama fundo kwenye kitambaa. Akasema hapo damu haikufika, pakafa. Aliliweka kwenye mizani: gramu 380. La kawaida ni kama 500. Nikalitazama muda mrefu. Lilikuwa na njaa na bado lilimlisha mtoto wangu wiki 36.

Watu hudhani ukijifungua umemaliza. Tansio inaweza kubaki juu, na kifafa chenyewe kinaweza kuja siku za baada ya kuzaa. Nilirudi nyumbani na dawa, nikaendelea kupima asubuhi na jioni, mtoto amelala mapajani. Siku ya tano 152 kwa 98, wakaniongezea dozi. Wiki ya tatu 134. Wiki ya sita 119 kwa 74.

Mashine naipa nyota tatu kwa yenyewe. Kwa kuwa na mkanda wa saizi yangu, daftari, na mtu wa kulinganisha naye kila Jumamosi, naipa tano. Leo iko nyumba ya tatu kutoka kwangu, kwa jirani mwenye mimba ya wiki 22 ambaye mwaka juzi alipatwa na kama yangu. Mkono wake ni sentimita 29, kwa hiyo nilimpa na ule mkanda mdogo wa boksi. Daftari la kwangu lilibakiwa na kurasa 11, nimempa nalo, aanzie palipoishia.